Mitetemo ya 2D au ya 3D: ipi inafaa bahari kuu?

Mitetemo ni mawimbi ya sauti yanayotumwa chini ya bahari kutafuta mafuta na gesi miambani: 2D hutoa picha bapa ya miamba chini ya kila mstari wa upimaji, 3D hutoa umbo lake zima. Kwa gharama, 2D haina mpinzani. Meli huvuta kebo moja ndefu yenye vinasa sauti, na mistari ya upimaji huachana kwa kilomita kadhaa, hivyo eneo kubwa hukaguliwa kwa bajeti ndogo. Ila kilichopo kati ya mistari hiyo hubaki kukisiwa.

3D huvuta kebo nyingi sambamba na kuionyesha miamba kwa pande zote. Hapo ndipo mikondo ya kale ya mchanga huonekana, pamoja na nyufa zinazoweza kuvujisha gesi. Zafarani, hazina ya gesi katika Kitalu Namba 2 (eneo la bahari lililotengwa kwa utafutaji) Tanzania, ipo chini ya maji ya kina cha zaidi ya mita 2,500. Kwenye kina hicho kisima kikavu, yaani kisicho na mafuta wala gesi, huteketeza makumi ya mamilioni ya dola. Singeshauri mtu achoronge bila 3D.

Hata hivyo, mitetemo haithibitishi kiasi cha gesi kilichopo. Kisima cha Mbawa-1 huko Kenya kilikuta gesi mwaka 2012, lakini haikutosha kibiashara.

Serikali inayotaka kunadi vitalu visivyojulikana ianze na 2D. Kampuni iliyokwisha kupata shabaha ya kuchoronga ilipie 3D.