Mombasa–Nairobi kwa Ndege: Saa Moja Kwenye Tiketi, Saa Nne Mlango hadi Mlango

Kutoka uwanja wa ndege wa Moi, Mombasa, hadi wa Jomo Kenyatta, Nairobi, ni kama kilomita 420 kwa mstari ulionyooka. Kwa barabara ni takriban 480, na reli ya SGR ni 472. Ndege ikisharuka hukaa angani dakika 40 hadi 45, lakini ratiba huandika saa nzima, kwa kuwa muda huhesabiwa tangu iondoke maegeshoni hadi isimame kule. Embakasi, yaani uwanja wa Jomo Kenyatta, ina njia moja tu ya kurukia na kutua. Ndege zikijazana, yako huzungushwa angani ikingoja zamu, na dakika 10 hadi 15 zimeliwa.

Lakini safari yenyewe iko nchi kavu. Anayetoka Nyali avuke daraja, apenye mjini, kisha Makupa na Changamwe, ambako malori ya makontena hayana haraka na mtu. Kwa ndege ya jioni, toka nyumbani mapema kwa nusu saa kuliko unavyodhani. Wa Diani apite barabara ya Dongo Kundu, aachane na feri ya Likoni.

Hesabu ya siku isiyo na balaa ni hii: dakika 45 hadi kiwanjani, 75 za ukaguzi na kungoja, 60 za ndege, 15 za kushuka na kutoka, 45 hadi katikati ya Nairobi. Saa 4 hizo. Mzigo ukiwa tumboni mwa ndege, ongeza dakika 20. Kwa hiyo mkoba wa mkononi pekee ni faida mara mbili, maana tiketi za bei ya chini huwa hazina mzigo wa kupakiwa. Upime nyumbani, halwa ya zawadi ina uzito kuliko inavyoonekana.

Pangaboi au jeti? Jambojet hurusha Dash 8-400 za mapangaboi, Kenya Airways ina jeti za Embraer 190. Kwa masafa haya tofauti ni dakika chache tu, kwani sehemu kubwa ya safari ni kupanda na kushuka, na jeti haipati nafasi ya kukimbia. Kwenye Dash 8 epuka viti vilivyo usawa wa mapangaboi, pana ngurumo. Makabati ya juu nayo ni madogo: begi la magurudumu huenda likachukuliwa kwenye ngazi likapakiwe tumboni mwa ndege. Hata hivyo bawa liko juu ya madirisha, halizibi kitu. Chagua kiti A, kushoto, ndege ya asubuhi, kabla mawingu hayajaufunika Kilimanjaro. Kurudi, kaa kulia.

SGR tangu Januari 2024 ni shilingi 1,500 daraja la kawaida na 4,500 la kwanza. Treni ya haraka ni kama saa 5, lakini ukijumlisha kwenda Miritini, kungoja, na kutoka Syokimau hadi mjini, inakaribia saa 7 na nusu. Ile ya saa nne usiku hukushusha baada ya saa tisa usiku, hujalala wala hujaamka. Mwenye shughuli ya asubuhi Nairobi anayetaka kula chakula cha usiku kwake Mombasa hana budi kupanda ndege, na tiketi ainunue wiki kadhaa kabla: za Desemba na Pasaka, hasa za dakika za mwisho, hupanda mno.