The Killing: Kesi ya Rosie Larsen na Mashabiki Waliopigwa Changa la Macho

Onyo kabla ya yote: uhakiki huu unamtaja muuaji. Ambaye hajaitazama tamthilia hii na anakusudia kuitazama, ashuke moja kwa moja hadi aya mbili za mwisho. Huko hakuna siri ya kesi iliyofichuliwa.

Hasira ya mashabiki wa The Killing huelezwa kirahisi mno. Husemwa kwamba watu waliudhika kwa sababu msimu wa kwanza uliisha bila muuaji kujulikana. Hiyo ni nusu ya habari. Mtazamaji wa hadithi za upelelezi ni mvumilivu, anaweza kungoja jibu hata mwaka mzima mradi aone kila hatua inamsogeza. Kilichowakera waliofuatilia kwa makini ni kuona tamthilia ikiwa tayari kumgeuza mhusika yeyote, hata yule aliyejengwa kwa ustadi sehemu baada ya sehemu, ili tu dakika ya mwisho iwe na mshtuko.

Ilianza tarehe 3 Aprili 2011 kwenye kituo cha AMC cha Marekani. Mtayarishaji mkuu, Veena Sud, aliitoa kwenye tamthilia ya Denmark iitwayo Forbrydelsen, iliyotungwa na Søren Sveistrup na kuonyeshwa mwaka 2007. Hadithi inatokea Seattle, ingawa ilipigwa Vancouver, Kanada, na mvua hainyamazi toka mwanzo hadi mwisho. Rosie Larsen, binti wa miaka 17, anakutwa amekufa ndani ya buti la gari lililozama ziwani. Gari hilo ni la kampeni ya Darren Richmond (Billy Campbell), diwani anayegombea umeya. Wapelelezi ni Sarah Linden (Mireille Enos), anayetakiwa kuhama mji siku hiyohiyo, na Stephen Holder (Joel Kinnaman), mgeni kitengoni aliyewahi kuzama kwenye dawa za kulevya. Sehemu ya kwanza, iliyoongozwa na Patty Jenkins, bado ni miongoni mwa fungua-dimba bora za tamthilia za upelelezi za miaka ile. Matangazo yote yalibeba swali moja: nani alimuua Rosie Larsen? Unapoliweka swali moja kwenye kila bango, mtazamaji ana haki ya kulidai jibu.

Hapa muundo wenyewe unahitaji kupigiwa hesabu. Msimu wa kwanza wa Denmark ulikuwa na sehemu 20, kila moja siku moja ya upelelezi, kila moja ikikaribia saa nzima. Marekani ilichukua kanuni hiyohiyo ya siku moja kwa sehemu, lakini kesi ikagawanywa misimu miwili ya sehemu 13, jumla 26, kila moja kama dakika 44 ukiondoa matangazo ya biashara. Ukijumlisha, muda wa hadithi unakaribiana. Kwa hiyo wanaodai kuwa Wamarekani waliivuta kesi kama mpira wanakosea kidogo. Walichoongeza ni miisho. Miisho 26 badala ya 20 maana yake ni mara 26 za kumpa mtazamaji sababu ya kurudi wiki ijayo, na katikati yake ukaja mwisho wa msimu uliofuatwa na likizo ya zaidi ya miezi tisa. Waandishi walihitaji washukiwa wengi kuliko kesi ilivyoweza kuwabeba, na wakaanza kuwatengeneza.

Angalia foleni yenyewe. Kwanza wanafunzi wawili, Kris na Jasper, pamoja na video iliyopigwa kwenye chumba cha chini cha shule. Sehemu nzima tunaaminishwa kuwa msichana wa kwenye video ni Rosie anayedhalilishwa. Kumbe ni rafiki yake, Sterling, amevaa wigi la Rosie. Washukiwa wanafutwa, tunasonga. Kwa mara ya kwanza hiyo ni halali kabisa, kila hadithi ya upelelezi hurusha chambo kimoja mapema. Kibaya ni kwamba baada ya Kris na Jasper kufutwa, hatujui chochote kipya kuhusu usiku wa kifo. Chambo kizuri kikishafichuliwa humwachia mpelelezi kitu mkononi: saa fulani, mahali fulani, uongo wa mtu fulani. Hiki kilituacha mikono mitupu.

Halafu Bennet Ahmed (Brandon Jay McLaren), mwalimu wa Rosie. Huyu ndiye doa kubwa la msimu wa kwanza, na inafaa kukaa naye kidogo. Ni mtu mweusi, Mwislamu, ana mke mjamzito. Dalili dhidi yake zinapangwa moja juu ya nyingine: Rosie alifika nyumbani kwake usiku ule, mwili wake una alama za kemikali ya amonia inayolingana na iliyotumika kwenye sakafu ya nyumba hiyo, na jirani aliona mtu akibebwa kupelekwa kwenye gari. Bennet anadanganya, anakaa kimya, anakutana kwa siri na mtu aitwaye Muhammed. Mwishowe tunaelezwa kwamba alikuwa akimsaidia msichana mwingine, Aisha, kuikimbia familia yake. Kwa nini hakusema mapema? Mwalimu anayeshukiwa kwa mauaji ya mwanafunzi wake, mtaa mzima umemgeukia, mke yuko karibu kujifungua, angeweza kumnong'oneza wakili maneno machache tu na hatari ingepungua. Ukimya wake hauna mantiki ya mtu. Una mantiki ya ratiba, kwa maana waandishi walitaka adumu kwenye foleni hadi sehemu ya 9. Na gharama yake ni kubwa: Stan Larsen, baba wa Rosie, anampiga karibu ya kumuua. Tamthilia ilimchukua mwalimu asiye na hatia, ikaegemea dini yake na rangi yake kutia wasiwasi, ikamvunja mwili, kisha ikamwacha hospitalini na kuhamia kwa mshukiwa mwingine. Mashabiki waliolalamikia hili walikuwa na haki zote.

Sehemu ya 11, "Missing", huzua ubishi hadi leo. Kesi inasimama kabisa. Linden anamtafuta mwanawe Jack aliyepotea, Holder yuko naye ndani ya gari siku nzima, na wawili hao hatimaye wanazungumza kama binadamu. Kama sehemu inayojitegemea ni nzuri mno, pengine bora kuliko zote za msimu huo, maana Enos na Kinnaman wanapewa nafasi ya kucheza bila kukimbizana na dalili. Ila iliwekwa pabaya. Ilikuja sehemu mbili kabla ya mwisho wa msimu, mara tu baada ya Bennet kusafishwa, wakati mtazamaji anadai mwelekeo. Ingekaa kwenye sehemu ya 6 au ya 7 ingesifiwa na wote, na uhusiano wa wapelelezi ungefaidika nayo mapema zaidi.

Ndipo tukafika kwa Richmond. Mtandao wa wanawake wa kukodiwa uitwao Beau Soleil, mteja wa siri anayejiita Orpheus, mwanamke anayesimulia jinsi mteja huyo alivyomuuliza habari za kuzama majini. Linden anatuma barua pepe kwa Orpheus akiwa nyumbani kwa Richmond na anasikia mlio wa ujumbe ukiingia kwenye kompyuta ya mwenyeji. Kama tukio linasisimua. Kama kesi lilibeba udhalimu wa aina nyingine, kwa sababu lilimfanya Rosie mwenyewe aonekane mwenye maisha mawili, binti wa nyumbani mchana na wa kukodiwa usiku. Baadaye ikathibitika kuwa aliyehusika na mtandao ule ni shangazi yake, Terry. Marehemu hawezi kujitetea, na tamthilia iliyoanza kwa kumheshimu ilimpaka matope ili kupata mwisho mmoja wa kusisimua.

Mwisho wa msimu ulirushwa tarehe 19 Juni 2011. Picha ya kamera ya daraja la kulipia inamwonyesha Richmond akirudi mjini usiku ule, anakamatwa, Linden anapanda ndege na mwanawe. Simu inaingia: kamera za daraja hazikuwa zikifanya kazi. Picha ni ya kughushi, na aliyeileta ni Holder. Tunamwona akiingia kwenye gari na kumwambia mtu tusiyemwona kwamba picha imefanikisha kazi. Belko Royce, mfanyakazi wa Stan, anamwelekezea Richmond bastola. Giza.

Jibu kuahirishwa lilikuwa jambo dogo mbele ya alichofanyiwa Holder. Sehemu 12 zilimjenga kama mtu anayejikokota kurudi kwenye maisha safi, mwenye ucheshi wa mtaani, anayekosea lakini anajali. Dakika moja ikamfanya msaliti. Kama huo ungekuwa ukweli wake, ungekuwa uandishi wa kijasiri. Msimu wa pili ulipoanza tarehe 1 Aprili 2012 tukaambiwa kumbe naye alitumiwa, picha alipewa na Gil, mtu aliyekuwa akimsimamia katika kuacha dawa. Usaliti ukafutwa haraka, Holder akarudi kuwa yuleyule. Hiyo ni danganya toto, na watu walijibu kwa miguu: ufunguzi wa msimu wa kwanza ulitazamwa na takriban watu milioni 2.7 Marekani, wa msimu wa pili takriban milioni 1.8.

Kuhusu Linden, malalamiko yana pande mbili. Kushikwa kwake na kesi hadi kumsahau mwanawe kunaaminika, na Enos anakuonyesha uchovu bila kusema neno. Shida ni safari ya kuhamia Sonoma, California. Mchumba wake Rick anangoja, harusi inangoja, ndege inangoja, na kila jioni anaahirisha. Mara ya kwanza inamweleza mhusika, mara ya pili inakazia, kuanzia hapo hakuna jipya. Mhusika hukua pale uamuzi wake unapomgharimu na gharama hiyo ikabaki. Kwa Linden gharama ilikuwa ikitajwa tu mpaka msimu wa pili, alipofungiwa kwenye wodi ya wagonjwa wa akili, ambapo hatimaye anakabiliwa na historia yake.

Wazazi wa Rosie ndio waliopaswa kuwa moyo wa kazi hii. Michelle Forbes na Brent Sexton, wakiwa Mitch na Stan, waliigiza msiba kwa ukweli unaoumiza: sanduku la nguo za mazishi, watoto wadogo wa kiume wasiojua waseme nini, jikoni kukiwa kimya. Msimu wa pili ukamtoa Mitch nyumbani na kumweka motelini mbali na familia kwa muda mrefu, akaonekana mara chache, na hadithi yake haikugusana na kesi wala na Stan. Ukiwa na mwigizaji wa kiwango hicho, kumtenga na mumewe ni kutupa mali.

Na jibu lenyewe? Jamie Wright, msaidizi wa Richmond, alimpiga Rosie baada ya msichana huyo kumsikia kwenye ghorofa ya 10 ya kasino akipanga njama na mfanyabiashara Michael Ames na mkuu wa kasino, Nicole Jackson. Terry, mpenzi wa Ames, ndiye aliyeliingiza gari ziwani bila kujua kwamba anayelia ndani ya buti ni mpwa wake. Nusu ya Terry ni nzito na imestahili. Alikuwa ndani ya nyumba ile tangu siku ya kwanza, akiwalisha watoto, na kila tukio lake la zamani linabadilika ukilitazama upya. Nusu ya Jamie ni nyepesi. Kwa sehemu nyingi alikuwa mtu wa simu na mikakati tu, na sababu zake zinamiminwa zote kwenye mazungumzo marefu ya sehemu ya mwisho. Muuaji anayehitaji hotuba ili tumwelewe hakuandaliwa vya kutosha. Kinachoniridhisha zaidi ni Richmond: ameshinda umeya, yuko kwenye kiti cha magurudumu, anafunga mlango na kukaa na Ames na Jackson huku mshauri wake Gwen akiachwa nje. Hapo mhusika amebadilika, na tuliona kila hatua.

Kwa anayetaka kuitazama sasa: jumla ni sehemu 44, yaani 13, 13, 12 na 6, hizo 6 za mwisho zikiwa zimetolewa na Netflix mwaka 2014. Misimu miwili ya kwanza ichukulie kama kazi moja ya sehemu 26. Usilale ukiwa umemaliza sehemu ya 13 ya msimu wa kwanza, unganisha na mbili za kwanza za msimu wa pili palepale, maana zile tatu ni kipande kimoja kilichokatwa. Sehemu ya 11 ya msimu wa kwanza usiiruke hata ukiambiwa haina kesi. Ukichoka na washukiwa kati ya sehemu ya 5 na ya 10, elekeza macho kwenye nyumba ya akina Larsen, nani anaingia, nani anatoka, nani anajibu simu. Ndiko kuliko na kesi ya kweli.

Aliye na muda mchache aanze na msimu wa tatu wa mwaka 2013. Una kesi mpya inayoanza na kwisha ndani ya sehemu 12, vijana wa mitaani wanaopotea, na Peter Sarsgaard akiwa Ray Seward, mfungwa anayengoja kunyongwa. Washukiwa ni wachache, kila mmoja anaacha kitu, na sehemu ya 10, "Six Minutes", inakaa karibu yote gerezani bila kuhitaji mshtuko wa kubandika. Utapotewa na machache kuhusu yaliyompata Linden awali, hayatakuzuia kuelewa.