Mtambo wa RO wenye pampu kwa waosha vioo: anza kukagua pampu

Tunaangalia hapa mitambo ya RO ya kitoroli, ile inayosukuma maji kwa presha kwenye membreni, utando unaopitisha maji safi na kuzuia chumvi, huku maji ya chumvi yanayobaki yakitupwa. Ni ile yenye membreni moja ya 4040, yaani kipenyo inchi 4 na urefu inchi 40. Uingereza waosha vioo wameizoea siku nyingi. Kampuni ya usafi ya Dar es Salaam au Mombasa inayotaka kuosha ghorofa nne bila ngazi nayo itafika kwenye mashine hii hii, ila kwa maji tofauti kabisa, na hapo ndipo wengi wanauziwa kisichowafaa.

Kioo kinachooshwa kwa fimbo ndefu ya brashi hakifutwi. Maji yanaachwa yakauke yenyewe, na chochote kilichoyeyuka ndani yake kinabaki kiooni kama madoa meupe. Kwa hiyo kipima TDS, yaani kiasi cha chumvi na madini yaliyoyeyuka kwa miligramu kwa lita, kisome chini ya 10 pale maji yanapoingia kwenye brashi, na 0 ndiyo bora.

Mashine isiyo na pampu hatuishauri kabisa kwa ukanda wa pwani. Simtanki lililo mita 6 juu ya mashine linatoa presha ya bar 0.6 tu, maana mita 10 za kimo ni takriban bar 1. Maji ya kisima yenye TDS 1,500 yanadai zaidi kidogo ya bar 1 kwa ajili ya kuishinda chumvi yenyewe, kabla tone moja safi halijapita kwenye membreni. Ukifungulia mashine hiyo, karibu maji yote yataishia kwenye mpira wa kutupia. Membreni haijaharibika. Haijapata tu nguvu ya kufanya kazi.

Swali linalofuata ni pampu ipi. Pampu ndogo ya maji ya nyumbani, ya nusu hosipawa, imeandikwa kimo cha mita 35 hadi 40, lakini hicho ni kimo chake ikiwa haitoi maji. Ikianza kutoa lita 10 kwa dakika, unabaki na bar 3 au pungufu. Kwa maji laini inaweza kukutosha, kwa maji ya chumvi haitoshi. Pampu ya volti 12, ya aina ya zile za kupulizia dawa shambani, inafika bar 7 ila inatoa lita chache mno, na ikifanyishwa kazi kwa presha hiyo saa nzima inapata moto na kujizima. Hiyo iwe ya kusukuma maji safi kwenda kwenye fimbo. Kwa 4040 tafuta pampu ya umeme wa kawaida inayoweza kushikilia bar 7 huku ikipitisha lita 10 kwa dakika bila kupumzika, mathalani ile ya shaba yenye vibapa vinavyozunguka ndani.

Kuwa makini na namba za kwenye membreni. Filmtec XLE-4040 imepimwa kutoa karibu lita 9,800 kwa siku, sawa na lita 6.8 kwa dakika. Namba hiyo ilipatikana kwa psi 100 (karibu bar 7), nyuzi 25, maji ya chumvi ya TDS 500 tu, na asilimia 15 pekee ya maji ikichukuliwa kama safi huku 85 ikipita. Mtaani hakuna anayekubali kutupa kiasi hicho, na tunaelewa kwa nini: maji yenyewe yananunuliwa kwa boza. Nusu kwa nusu ndiyo wengi wanakoishia. Ukifanya hivyo, panga hesabu zako kwa lita 5 kwa dakika, na ujue chokaa itaganda mapema zaidi. Usipunguze maji ya kutupwa kupita hapo. Koki yake ikibanwa sana presha inapanda na sindano ya kipima presha inapendeza kuitazama, lakini membreni inaziba ndani ya muda mfupi.

Lita 5 kwa dakika zinajaza tangi la 500 ndani ya saa moja na dakika 40. Fimbo moja inatumia lita 1.5 hivi kwa dakika, kwa hiyo umepata kazi ya zaidi ya saa tano.

Kabla ya membreni kuna kichujio cha kunasa mchanga na uchafu cha maikroni 5, kisha cha kaboni. Hiki cha kaboni ndicho wauzaji wengi wanabania. Kile cha inchi 10 kimeundwa kwa takriban lita 4 kwa dakika. Ukipitisha 10, klorini inapita bila kukamatwa na kuila membreni. Dai cha inchi 20, tena kile kinene. Na kama ni maji ya kisima usijiamini: mlinzi akimwaga dawa ya klorini kwenye simtanki, hakuna atakayekuambia.

Kikwazo kingine ni cha huku kwetu. Pampu kubwa hukaa baada ya vichujio, ikitegemea presha ya mtaani iyasukume maji mpaka hapo. Bar 0.6 ya simtanki haiyasukumi vya kutosha, na pampu inanyonya hewa na kuanza kukoroma. Weka pampu ya nyumbani mbele ya vichujio iwe ya kulishia, na ile kubwa baada yake. Halafu hakikisha kuna swichi ya presha ndogo inayoizima pampu maji yakikatika. Mtambo usio na swichi hiyo usiununue, hata ukipunguziwa bei.

Baada ya membreni inakuja resini, chembechembe zinazonasa chumvi iliyobaki. Kwa makadirio, lita 1 ya resini inabeba gramu 25 za chumvi. Chupa ya lita 7 ikipewa maji ya 1,500 moja kwa moja inakwisha kwenye lita 117. Membreni ikiondoa asilimia 97, maji yanafika kwenye resini yakiwa 45, na chupa hiyo hiyo inakupeleka karibu lita 3,900. Hapo ndipo pesa ya pampu inaporudi.

Pima TDS sehemu tatu: yanapoingia, baada ya membreni, baada ya resini. TDS ikipanda na maji safi yakiongezeka, klorini imeshaila membreni, inunuliwe nyingine. Maji yakipungua kwa presha ile ile, ni chokaa au uchafu, na bado inaweza kuoshwa. TDS ikiruka ghafla mara tu baada ya kufungua, angalia mpira wa duara kwenye bomba la katikati, umebanwa au umekatika.

Maji ya dakika chache za mwanzo kila asubuhi yatupe, maana chumvi imepenya usiku. Jioni fungua koki ya kusafishia dakika tano kabla ya kuzima. Mashine ikikaa zaidi ya saa 48 bila kazi, ijaze maji safi yenye sodiamu metabisalfaiti asilimia 1, uifunge, uiweke kivulini. Membreni ikishalowa haitakiwi kukauka tena.