Kliniki ya viungo Upper Hill, Nairobi: nyota nne

Wenye rheumatoid wenzangu, yaani hii baridi yabisi ya kinga ya mwili kugeukia viungo, sio ile ya uzee, hii kliniki nawapa nyota nne na sababu kubwa ni kwamba wanaamini unachosema. Kwingine nilizoea daktari anaangalia karatasi ya damu, ESR iko sawa, CRP iko sawa (vile vipimo vya damu vya kuonyesha uvimbe mwilini), basi "mama uko poa", na asubuhi hiyo vifungo vya blauzi nimefungiwa na binti yangu na ugali amesonga yeye juu mwiko haushikiki. Inauma sana kuambiwa uko poa.

Hapa sista anaanza na wewe. Vidole vilikaza mpaka saa ngapi? (Vikipita saa nzima kila asubuhi, ugonjwa haujatulia.) Uchovu je, ulilala? Halafu anakupa mstari, sifuri huku, mia kule, uweke alama wewe mwenyewe vile umekuwa. Daktari naye anabonyeza viungo 28, mabega, viwiko, vifundo vya mikono, vidole, magoti, anahesabu vinavyouma na vilivyovimba, anajumlisha na damu pamoja na ile alama yako. Kwa hivyo unachosema kinaingia kwa hesabu ya kuamua dawa. Lakini nyayo hazimo kwa hizo 28, kwa hivyo zikikuuma sema tu, usingoje kuulizwa.

Methotrexate, ile dawa ya kutuliza kinga ya mwili, walinieleza polepole, ni mara moja kwa wiki, wakaandika siku kwa pakiti, kwa sababu kuimeza kila siku ni sumu inaweza kuua, na folic acid, ile vitamini, siku nyingine. Msichana tuliyekuwa naye kwa benchi aliambiwa akipanga mtoto aseme mapema abadilishiwe dawa. Mama mwingine alikuwa anaishi kwa diclofenac, dawa ya maumivu, ya chemist, akaonywa kuhusu tumbo na figo bila kugombezwa, hiyo niliipenda sana.

Nyota moja nimekata kwa viti, ni vya chini mno, mtu wa magoti anainukaje jamani? Na dawa wakati mwingine zinaisha unatumwa town na kale kabaridi ka Julai.

Ukienda andika siku zako mbaya kwa simu kabla, wanazisoma kweli. Ngazi ni nyingi, lifti iko nyuma upande wa parking.