Behringer UM2 na maiki ya C-1 kwa gitaa kavu: uzoefu wangu hapa Nkuhungu, Dodoma

Kwa mtu anayepiga gitaa kavu na anataka kurekodi mwenyewe chumbani, Behringer UM2 (kisanduku cha kuingizia sauti kwenye kompyuta) na maiki ya C-1 vinatosha. Nimevitumia kiangazi na msimu wa mvua, nikirekodi nyimbo za kwaya na vipande vyangu vya gitaa peke yake, na rekodi hizo nazisikiliza kwa furaha mpaka leo. Ila kama unaishi Dodoma kama mimi, ujue kwamba chumba, bati na upepo vitakupa kazi kubwa kuliko vifaa vyenyewe.

Kwanza vifaa. UM2 ni kisanduku kidogo kinachounganishwa na kompyuta kwa waya wa USB na kuchukua umeme wake humohumo. Kina tundu moja la maiki na jingine la kuchomeka gitaa la umeme, kinatoa volti 48 ambazo maiki ya kondensa kama C-1, yaani maiki nyepesi kusikia inayotaka umeme, haiwezi kufanya kazi bila hizo, na kinarekodi kwa biti 16 hadi kilohezi 48, ambavyo ni vipimo vya ubora wa rekodi. Wapo watakaokwambia biti 16 ni chache. Kwa gitaa moja mimi sijaona tatizo, mradi nisipandishe geini (nguvu ya kukuza sauti ya maiki) kupita kiasi: naiacha sauti ya juu kabisa ifike kati ya desibeli -12 na -6 kwenye kipimo cha programu, ambako sifuri ndiyo kikomo, na taa nyekundu isiwake hata ninapopiga kwa nguvu. Kingine ninachokipenda ni kitufe cha kukuwezesha kujisikia moja kwa moja kwenye hedifoni bila sauti kuzunguka kwenye kompyuta kwanza. Laptopu yangu ni ya zamani, na bila kitufe hicho ningejisikia kwa kuchelewa na mkono ungepoteza mwendo.

Programu ninayotumia ni Audacity. Ni ya bure, ipo tangu mwaka 2000, na haihitaji kompyuta kubwa. Dakika moja ya rekodi ya chaneli moja kwenye faili la WAV inachukua takriban megabaiti 5, kwa hiyo hata diski ndogo inabeba kazi nyingi.

Sasa maiki iwekwe wapi? Wengi huielekeza kwenye tundu la gitaa wakidhani sauti inatoka hapo. Pale inatoka besi nzito inayovuma na kufunika nyuzi nyembamba. Mimi naiweka mbele ya freti ya kumi na mbili (freti ni vile vyuma vilivyokatisha shingo ya gitaa), umbali wa shubiri moja hadi moja na nusu, na uso wake naugeuza kidogo kuelekea mwilini mwa gitaa. Hapo nasikia kucha ikigusa uzi, nasikia mbao, na uzi wa sita unabaki mnene bila kumeza wenzake. Ukiisogeza karibu zaidi besi inaongezeka. Ndivyo zilivyo maiki zinazosikia upande mmoja. Tabia hiyohiyo inakusaidia kwa namna nyingine: mgongo wake hausikii vizuri, basi mgongo uelekee dirishani, zinakopita bodaboda.

Kuhusu chumba sitasema kwa ufupi. Nyumba nyingi za mtaani kwetu zina kuta za tofali zilizopigwa lipu, sakafu ya saruji na bati juu, na sauti inagonga kila upande ikirudi na mwangwi mkavu unaoifanya rekodi isikike kama imefanyiwa darasani. Dawa yangu ni godoro lililosimamishwa ukutani nyuma yangu, blanketi zito kwenye kamba mbele, na jamvi chini. Povu la studio linalouzwa kwa bei kubwa sikulihitaji.

Bati lenyewe lina saa zake. Jua likizama linaanza kupoa, na linapojikunja linalia tap, tap, na kondensa inasikia kila mlio. Nasubiri saa tatu usiku au zaidi, bati likishatulia na mashine za kusaga zikishazimwa. Miezi ya Juni hadi Agosti upepo wa Dodoma unavuma hata usiku, na mvumo wake unaingia chini kabisa ya rekodi. Huo nauondoa kwenye Audacity kwa kukata sauti nzito zote zilizo chini ya hezi 70 (hezi zikipungua, sauti inakuwa nzito zaidi). Uzi mnene wa gitaa ukiwa umekazwa kwa noti yake ya kawaida unaanzia kama hezi 82, kwa hiyo hakuna kinachopotea. Kifaa cha kupunguza kelele kitumie kwa mkono mwepesi, kwa sababu kikizidi, nyuzi zinasikika kama zimezamishwa majini. Mvua ikinyesha juu ya bati, zima kila kitu ukalale.

Mvumo wa umeme nao nilikutana nao. Chaja ya laptopu ikiwa ukutani kulikuwa na mlio mwembamba usiokwisha. Nikiichomoa na kutumia betri, kimya. Siku hizi naijaza betri mapema.

Na gitaa litunze. Hewa yetu ya kiangazi inakausha mbao, zinanywea, na nyuzi zinashuka mpaka zinagonga freti. Naliweka kwenye begi lake pamoja na kisahani cha sabuni chenye matundu, ndani yake sponji yenye unyevu isiyodondosha maji. Hakuna maiki itakayoficha uzi unaogonga.

Kipimo nilichokiamini zaidi hakikuwa gitaa. Mzee mmoja jirani anapiga ilimba, marimba ya Wagogo ambayo marehemu Hukwe Zawose aliifikisha kwenye majukwaa ya dunia. Kwenye ubao wake kuna matundu yaliyofunikwa utando wa buibui, na utando huo ndio unaotoa ule mlio wa kuvuma kama nyuki. Simu yangu iliurekodi kama mkwaruzo. C-1 iliuleta mzima, juu ya noti na si badala yake, na mzee alivua hedifoni akasema, “Huyu ni mimi.”

Hapo ndipo UM2 inapofika mwisho wake. Gitaa na ilimba kwa pamoja vinataka maiki mbili, nayo ina tundu moja tu la maiki. Tunakaa tukitazamana, maiki katikati, na anayesikika sana anarudi nyuma hatua moja. Inawezekana, lakini baadaye huwezi kumpunguza mmoja bila mwenzake. Mwenye nia ya kurekodi watu wawili aanze na UMC202HD ya kampuni hiyohiyo, yenye matundu mawili ya maiki na biti 24. Mimi ndiyo ninayoiwekea akiba sasa, na maiki ya pili itakuwa ya mzee.