Uzoefu wangu na 1HZ na ulaji wa wese: thamostati na feni vimenisaidia, sumaku hapana

Wakuu habari zenu. Kila siku naona watu wanauliza kama kuna namna ya kupunguza ulaji wa mafuta kwenye haya mashangingi ya zamani, basi acha niseme ya kwangu. Mimi nina Land Cruiser 80, injini 1HZ, dizeli, silinda sita, cc 4164, haina tabo ya kusukuma hewa ya ziada, gia za mkono. Niwaambie mapema, hii gari ina tani mbili na ushee ikiwa tupu na mbele iko wima kama kabati, kwa hiyo anayetaka kilomita 15 kwa lita akanunue IST tu tusipotezeane muda.

Nimeichukua ikiwa inakwenda kama kilomita 6 na nusu kwa lita barabara kuu, sa hivi inacheza kwenye 8, safari ileile ya Dar kwenda Njombe, watu wanne na mizigo. Hiyo namaanisha kujaza full tenki mpaka bomba likate lenyewe, unatembea, unajaza tena palepale full unapiga hesabu, siyo ile ya kuangalia mshale wa dashibodi ukasema naona kama imepungua.

Kilichobadilisha mambo kwa kiasi kikubwa ni thamostati, ile valvu inayozuia maji ya injini yasiende kupoa mpaka injini ipate moto. Najua wengine mmeshacheka. Gari zetu nyingi hizi zimepita kwa mafundi ambao gari ikichemsha tu jibu lao ni "toa thamostati tutupe", na ukweli gari inaacha kuchemsha kwa muda, mwenye gari anafurahi, analipa, anaondoka. Ila sasa maji yanazunguka kwenye rejeta, pale yanapopozwa, muda wote hata injini haijapata moto, na dizeli kwenye injini ya baridi haiungui vizuri, oili nayo inabaki nzito, kwa hiyo unamwaga wese kupasha chuma moto badala ya kusogeza gari. Yangu nilianza kuishtukia huku Mafinga na Makambako, baridi ya mwezi wa saba, nawasha hita inatoa upepo wa uvuguvugu, mshale wa temperecha umelala chini utadhani ndo nimewasha gari sasa hivi. Fundi niliyempelekea Dar alishika bomba la juu la rejeta gari ikiwa imewaka, hata dakika nyingi hazijapita, akasema "mkuu hii inaishi baridi muda wote, humu hamna thamostati." Akafungua kikasha inamokaa thamostati, kweli, tupu, kuna gasketi tu na silikoni nyekundu imepakwa kama siagi.

Nikachukua orijino, bei yake haifiki hata nusu tenki. Angalieni wakati wa kufunga, ile thamostati ina katundu kenye kapini kanachochezacheza, kale kanatakiwa kukaa juu ili hewa itoke wakati wa kujaza maji, ukikageuza chini hewa inabaki na gari itakusumbua halafu utarudi kulekule kwa kusema thamostati mbaya. Na kwenye injini nyingi za hivi kuitoa kabisa siyo hata dawa ya kuchemsha, maana kuna njia ya pembeni ya maji ambayo thamostati ndo huwa inaiziba injini ikishapata moto, ukiitoa sehemu ya maji yanapita huko bila kupoa.

Sasa kama gari ilikuwa inachemsha ndo ikatolewa thamostati, ujue chanzo bado kipo. Kwangu ilikuwa rejeta. Imewekewa maji ya bomba miaka na miaka, ilivyofunguliwa ule uchafu uliotoka ni udongo mwekundu mtupu, matundu ya katikati yameziba. Ikasafishwa kwa fimbo, tukaweka kulanti, yale maji maalumu ya rejeta. Hiyo huduma ya rejeta naipa alama zote, jamaa walifanya kazi safi na bei ya kawaida, ila wanachelewesha, ukiambiwa kesho weka siku ya ziada.

La pili feni. Hizi gari feni yake ina klachi yenye mafuta ya silikoni ndani, ikiwa baridi feni inateleza inazunguka kivivu, hewa ya rejeta ikipata moto ndo inashika. Ikichoka haishiki vizuri, na mafundi wetu wakiona haishiki wanaipiga welding au wanatoboa wanafunga bolti, feni inageuka ya kudumu. Ukikanyaga inaunguruma kama basi linaondoka stendi ya Magufuli pale Mbezi, na huo muungurumo wote ni nguvu ya injini inaliwa, na kadri mzunguko unavyopanda ndivyo inavyozidi kunyonya. Yangu ilikuwa na bolti mbili. Nilipata klachi nzima used kutoka kwenye gari iliyokatwa, fundi akaongeza silikoni, ile inauzwa kwenye vichupa vidogo. Kupanda Kitonga unaisikia inashika katikati ya mlima halafu juu kule Ilula inaachia, gari inakuwa nyepesi mguuni. Kiukweli hapa raha niliyopata ni ya kelele kupungua kuliko hata mafuta.

Nozeli na pampu ya dizeli nilipeleka kupimwa, moshi mweusi ulikuwa mwingi. Kumbe kuna mtu aliikaza skrubu ya pampu ili gari ipate nguvu, na 1HZ haina tabo, hewa inayoingia ni ileile, ukiongezea dizeli unapata moshi tu na joto. Wakairudisha sawa. Nguvu imepungua kidogo sana, wala siikumbuki.

Tairi sasa, hapa nataka watu wawe makini na hesabu zao. Gari ilikuja na tairi za matope 285/75R16, zile mnaita 33. Za kiwandani kwa yangu ni 275/70R16. Tairi kubwa ile ina kipenyo kama sentimita 83, ndogo 79, yaani tofauti ya asilimia 5 hivi. Maana yake ukiwa na tairi kubwa dashibodi inasoma 100 wakati umetembea 105, kwa hiyo ukigawa kwa lita unaona gari inakula sana kuliko uhalisia. Ukirudi kwenye tairi za kawaida namba inapanda yenyewe hata kama hujatengeneza kitu. Ile 6 na nusu yangu ya mwanzo kwa uhalisia ilikuwa karibu 7. Kwa hiyo mtu akikwambia nilibadili tairi nikaokoa kibao muulize kwanza kama alirekebisha kilomita. Hata hivyo tairi za AT, zile za lami na vumbi, zinazunguka kirahisi kuliko za matope, hilo halina ubishi, na ule mvumo wa lami umeisha. Upepo napima asubuhi tairi zikiwa baridi, siyo umetoka Chalinze tairi zinaungua ndo unapima sheli.

Mwendo nao, hapa najua hamtaki kusikia. Ukitoka 80 ukaenda 110 upinzani wa hewa unakaribia kuwa mara mbili, na gari yenyewe umbo lake ndo hilo. Mimi natembea 85, 90, vijijini 50 kwa sababu ya tochi, Mikumi mbugani 70 kama kibao kinavyosema. Nachelewa kufika kama saa moja hivi kulinganisha na shemeji yangu ambaye anatembea roho mkononi, ila naingia Njombe na full tenki ya Dar, lita 95, taa imewaka lakini nimefika. Zamani Iringa lazima nisimame. Kwa safari nzima inaniokolea lita 13 au 14 kila upande, na mnajua zile bei za EWURA kila Jumatano ya kwanza ya mwezi zinavyotuweka roho juu.

Kuhusu zile sumaku za kufunga kwenye bomba la mafuta zinazouzwa kwenye magrupu ya WhatsApp eti zinapanga molekyuli za dizeli, huyo huyo shemeji alifunga kwenye Prado yake, tukapima full tenki kwa full tenki, hamna kitu. Wamarekani kupitia mamlaka yao ya mazingira, EPA, walishapima vifaa vya namna hii zaidi ya 100 na vingi havikuokoa chochote. Yaani hiyo hela nunua filta ya hewa na ya dizeli, upige grisi beringi, na uinue gari uzungushe kila tairi kwa mkono, ukikuta moja nzito ujue kaliper ya breki imeganda na unatembea umekanyaga breki bila kujua. Hiyo ni bure kabisa.

Wenye injini ya petroli, 1FZ, mimi siwezi kuwasemea sana, kule hata ufanye nini injini ya lita 4.5 ni lita 4.5.

Kilichobaki kwangu ni keria ya juu. Ndefu, inapiga mluzi kuanzia 70, na mwaka mzima inabeba ndizi mara moja moja. Nimeishaifungua iko nyuma ya nyumba, inauzwa, anayeitaka aje na wenzake wawili wa kubeba maana ni chuma kitupu.