Duka dogo la nyuzi na wafumaji wake: uzoefu wangu

Nimekuwa mteja wa duka hili kwa muda wa kutosha kuona sweta nilizofuma kwa nyuzi zake zikivaliwa, zikifuliwa na kuvaliwa tena, na kwangu hicho ndicho kipimo cha haki cha duka la nyuzi, kwa kuwa uzi wowote hupendeza ukiwa bado rafuni. Ni chumba kimoja chenye rafu zinazofika darini, meza ndefu katikati, na mwenye duka ambaye hamuuzii mtu kitu kabla hajamuuliza anataka kufuma nini, kitavaliwa na nani na kitafuliwa na nani. Swali hilo la mwisho ndilo lililonifanya niwe mteja wa kudumu, kwa sababu hakuna muuzaji mwingine wa nyuzi aliyewahi kuniuliza.

Aliniuliza nilipokwenda kutafuta uzi wa blanketi la mtoto mchanga, nikiwa tayari nimeshika shada la sufu laini ya kondoo wa merino. "Mama yake atalifua kwa mkono au kwa mashine?" aliuliza, na nilipomjibu kwamba litaingia kwenye mashine pamoja na nguo nyingine zote za mtoto, alilipokea lile shada na kulirudisha rafuni bila haraka. Kisha akanieleza kwamba kila unywele wa sufu umefunikwa na magamba madogo yasiyoonekana kwa macho, na pale maji ya moto, sabuni na msuguano vinapokutana, magamba hayo hunasana na kuvutana mpaka kitambaa kinarudi, kinakuwa kizito, na hakuna njia ya kukirejesha katika ukubwa wake wa awali. Ipo sufu iliyotayarishwa kwa ajili ya mashine, ambayo magamba yake hupunguzwa kwa klorini na kufunikwa kwa utando mwembamba wa plastiki, lakini alinitahadharisha kwamba ikilowa hurefuka kuliko sufu ya kawaida, na kwa hiyo kipande cha majaribio, yaani kile kidogo kinachofumwa kwanza ili kupima vitanzi, lazima kifuliwe kabla ya kupimwa. Akriliki nayo huvumilia mashine bila taabu, ila hainyonyi jasho na ikikutana na pasi ya moto hulegea moja kwa moja, wakati sufu inaweza kubeba unyevu unaokaribia theluthi ya uzito wake kabla aliyeivaa hajahisi kwamba imelowa. Niliondoka na sufu iliyotayarishwa kwa mashine, ambayo bei yake ilikuwa chini kuliko ile niliyokuwa nimeipenda, na hadi leo blanketi lile linafuliwa kila wiki bila kurudi hata kidogo.

Watu huniuliza kwa nini nisiagize nyuzi kwa intaneti, ambako rangi ni nyingi na bei mara nyingine ni nafuu. Picha haiwezi kukuonyesha namna uzi unavyotulia shingoni. Dukani unaruhusiwa, hata unahimizwa, kuugusisha uzi kwenye shingo au upande wa ndani wa mkono, kwa sababu viganja vyetu ni vigumu mno kuhukumu jambo hilo. Kinachowasha katika sufu nyingi ni zile nywele nene, hasa zinazozidi unene wa mikroni 30 hivi (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), ambazo hazipindi zikikutana na ngozi bali huichoma; merino kwa kawaida iko chini ya mikroni 24, na ndiyo maana huvumiliwa hata na watu wanaoamini kwamba sufu yote haiwafai. Lakini mwenye duka hasifu ulaini tu. Uzi laini uliosokotwa kwa ulegevu hutoa vijidonge mapema kwapani na kwenye viwiko, na kwa soksi yeye hukuelekeza moja kwa moja kwenye sufu iliyochanganywa na nailoni ya asilimia 20 au 25, hata kama jicho lako limeangukia kitu cha fahari zaidi. Nimemwona akimkatalia mteja kabisa kumuuzia mohea, uzi wa manyoya ya mbuzi wa Angora, kwa ajili ya mradi wake wa kwanza, kwa maelezo kwamba uzi wa manyoya hauonyeshi vitanzi na ni mateso kuufumua. Mteja yule alinuna kidogo, lakini ushauri ulikuwa sahihi.

Karibu na mlango kuna kikapu cha mabonge yaliyopoteza lebo, na kikapu hicho kimenifundisha mengi kuliko rafu zote. Ukitaka kujua bonge fulani ni la nini, mwenye duka hukata kipande cha uzi chenye urefu wa kidole, hukishika kwa koleo ndogo juu ya kisahani cha bati, na kukisogeza kwenye moto wa kiberiti. Sufu hujikunja, hunuka kama nywele zilizoungua na hujizima yenyewe mara moto unapoondolewa, ikiacha majivu meusi yanayosagika kati ya vidole. Pamba huwaka upesi, hunuka karatasi na huacha majivu mepesi ya kijivu. Akriliki huyeyuka, hudondoka, na ikipoa hubaki punje ngumu nyeusi ambayo haivunjiki kwa vidole. Uzi wa mchanganyiko hutoa dalili za pande zote mbili, na hapo yeye husema wazi kwamba hajui viwango vya mchanganyiko huo, kisha huandika alichokiona kwenye kipande cha karatasi na kukifunga kwenye bonge. Uaminifu wa namna hiyo nauthamini sana.

Jambo ambalo wageni wengi hulipuuza, na ambalo duka hili hulisimamia kwa ukali unaostahili, ni kipande cha majaribio. Chukua sweta ambayo maelekezo yake yanataka vitanzi 200 kuzunguka kifua, kwa kipimo cha vitanzi 20 katika sentimita 10: itakuwa na mzunguko wa sentimita 100. Mfumaji mwenye mkono wa kukaza, anayepata vitanzi 22 katika nafasi ileile, atamaliza na sweta ya sentimita 91 tu, ingawa amehesabu kila kitanzi kwa usahihi. Tofauti ya vitanzi viwili haionekani kwa macho ukiwa unafuma, ndiyo maana dukani kuna sindano za namba mbalimbali za kuazima kwa majaribio, ambazo hulipii chochote mradi uzitumie palepale mezani. Vilevile mwenye duka huhakikisha kwamba mabonge yote unayonunua yana namba moja ya kundi la rangi, kwa kuwa uzi wa jina moja la rangi uliochovywa katika birika tofauti huonyesha mstari wazi mahali unapobadilisha bonge. Hukushauri uchukue bonge moja la ziada, na ukilirudisha lebo yake ikiwa haijaguswa, hulipokea na kukurudishia fedha. Sijui mshonaji au mfumaji ambaye hatapenda utaratibu huo.

Nije sasa kwenye meza, ambayo kwangu ni nusu ya thamani ya duka. Jioni moja ya kila wiki hufunguliwa kwa yeyote mwenye kazi mkononi, awe amenunua uzi hapo au la, na huja watu wa kila umri: wanaofuma kwa sindano mbili, wa kroshia wanaofuma kwa kulabu moja, wanaosokota sufu yao wenyewe, na wachache wanaofuma vitambaa kwa vitanda vidogo vya kufumia vinavyowekwa mezani. Hakuna ratiba ya mafunzo. Unakaa, unafanya kazi yako, na ukikwama unainua kazi juu ili walio karibu waione. Jioni moja binti mdogo aliangusha kitanzi kilichoteleza safu nyingi chini ya skafu yake, akawa anataka kuifumua yote. Mzee aliyekaa mkabala naye aliazima kulabu ya kroshia kwa jirani, akakikamata kile kitanzi, akawa anauvuta kila uzi wa mlalo ndani yake, mmoja baada ya mwingine, mpaka kikafika juu na kurudi kwenye sindano. Alipomaliza, alikiangusha tena kwa makusudi na kumkabidhi binti kulabu afanye mwenyewe.

Katika meza ile nimejifunza kwamba wanaoshika uzi kwa mkono wa kushoto na wanaoushika kwa mkono wa kulia hutoa kitambaa kilekile, na kwamba ubishi kuhusu njia bora hauna msingi zaidi ya mazoea ya aliyemfundisha mtu. Nimejifunza pia kwa nini baadhi ya nyuzi huachana kwenye kulabu yangu: nyuzi nyingi za kiwandani husokotwa kuelekea upande mmoja kisha hupotwa pamoja kuelekea upande wa pili, na mwendo wa mkono wa kulia katika kroshia huelekea kuulegeza mpoto huo wa mwisho. Bibi mmoja anayesokota alinionyesha hilo kwa kupota mbele yangu uzi wa mkononi wa nyuzi mbili na mwingine wa nyuzi tatu kutoka kwenye sufu ileile. Ule wa tatu ulikuwa wa mviringo na mzito kwenye vitanzi. Ule wa mbili ulikuwa bapa kidogo, ukifaa zaidi kwa kazi za matundu kama shali. Maelezo hayo ningeweza kuyasoma popote, lakini kuziona nyuzi zote mbili zikizaliwa kutoka kwenye vidole vilevile kulinifanya nichague uzi kwa namna nyingine kabisa tangu siku hiyo.

Mara kwa mara duka huandaa siku ya kutia rangi, na kama utaweza kuhudhuria jambo moja tu, hudhuria hili. Sufu hutayarishwa kwanza kwa shabu, chumvi ya madini ya kushikisha rangi, gramu 10 hadi 15 kwa kila gramu 100 za sufu kavu, ili rangi ipate mahali pa kushika. Bizari ya manjano hutoa rangi kali ya kupendeza papo hapo, na waandaaji hawakufichi kwamba jua litaififisha upesi. Maganda ya vitunguu hudumu zaidi. Nili, rangi ya bluu ya mmea, ndiyo hukusanya watu wote kwenye birika. Haihitaji shabu, na uzi ukitolewa humo huwa na rangi ya kijani kibichi iliyochanganyika na njano, kisha unapokutana na hewa hugeuka bluu mbele ya macho yako, kuanzia kwenye mikunjo ya nje hadi ndani ya shada. Anayetaka bluu nzito huchovya tena, akiuacha uzi upate hewa kati ya mchovyo mmoja na mwingine. Kila mtu huondoka na shada lake na kipande cha karatasi kinachoonyesha uzito wa sufu na rangi aliyotumia, ili aweze kurudia akiwa nyumbani.

Yapo mambo yanayoniudhi, na nayasema kwa sababu nalitakia duka hili maisha marefu. Taa zake ni za manjano, hivyo kutofautisha bluu nzito na nyeusi lazima utoke na uzi hadi mlangoni. Akiba ya kila rangi ni ndogo. Mtu anayetaka kufuma sweta ya mtu mzima mwenye mwili mkubwa mara nyingi atakuta mabonge manne au matano ya kundi moja la rangi, na kuagizia mengine huchukua muda mrefu bila taarifa yoyote mpaka uulize mwenyewe. Jioni ya meza si wakati wa kununua kabisa, kwa kuwa mwenye duka anazungukwa na watu na rafu za nyuma hazifikiki.

Lililoniumiza zaidi ni dharau iliyowahi kuonyeshwa kwa watu wa kroshia. Mmoja wa wanaojitolea kufundisha alikuwa na desturi ya kuwaita "wanaoanza" na kuwakalisha mwisho wa meza hadi watakapohamia kwenye sindano mbili, kana kwamba kulabu ni daraja la chini. Kitambaa cha sindano mbili hutolewa na mashine viwandani kila siku, lakini kroshia halisi bado inategemea mkono wa mtu, na ninaona ni dhuluma kuidharau kazi ya namna hiyo katika chumba kinachodai kuheshimu kazi ya mikono. Tulilizungumza na mwenye duka watu kadhaa pamoja. Alitusikiliza, akaongea na mwalimu huyo, na sasa jioni moja kila mwezi inaongozwa na watu wa kroshia wenyewe. Hata hivyo, rafu ya kulabu bado ni finyu mno ukilinganisha na ile ya sindano, na namba ndogo zinazohitajika kwa vitambaa vya pamba nyembamba hazipatikani kabisa.

Kwa anayefikiria kwenda, nenda mchana, siku isiyokuwa na meza, ukiwa na maelekezo yako yaliyochapishwa na vipimo vya atakayevaa. Usitegemee kunakiliwa maelekezo ya mtu mwingine, kwa kuwa duka linakataa kufanya hivyo kwa ajili ya haki za walioyabuni, na linafanya sawa. Ukiwa na nyuzi za zamani unazotaka kuwapa wengine, zitie kwenye mfuko uliofungwa vizuri na useme zilihifadhiwa wapi, maana kila mchango wa sufu huwekwa kwanza kwenye friza ili kuua mayai na viwavi wa nondo kabla haujasogezwa karibu na rafu. Na ukiulizwa nani atakayefua, jibu ukweli.